Kichwa cha mtoto kimelala upande: helmeti mpya, helmeti ya mtumba, mto, au niache? (Natakiwa kulipa Ijumaa)

MamaNaka (Nakuru), Jumatatu saa 3:40 usiku

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri wa haraka. Kijana wangu kichwa kimelala upande mmoja huku kisogoni. Ukimtazama kwa mbele huoni kitu, lakini nikimwogesha, nywele zikilowa, naona kabisa upande mmoja umebonyea kama embe lililokaa chini ya gunia.

Tumeenda Nairobi kwa watu wanaotengeneza helmeti za kunyoosha vichwa vya watoto. Wamempiga picha za kichwa kwa mashine, wakasema laki mbili na arobaini, nusu kwanza, nusu siku ya kuichukua. Mwisho wa kulipa nusu ya kwanza ni Ijumaa. Dada yangu aliye Leicester anasema jirani yake ana moja ambayo mtoto wake amemaliza kuitumia, anaweza kunitumia na mtu anayekuja Desemba. Halafu kuna mto wenye shimo katikati, nimeuona duka moja hapa mjini, elfu mbili mia tano. Mama mkwe anasema niache, kichwa kitajipanga chenyewe.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

BabaWatatu (Eldoret), Jumatatu saa 3:58 usiku

Mtoto ana umri gani? Umeandika bei, umeandika shimo la mto, umemwandika mpaka jirani wa Leicester, lakini umri hakuna. Hapo ndipo jibu lote lilipo.

Viungo_na_Misuli (Kakamega), Jumatatu saa 4:15 usiku

Naunga mkono. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na kabla sijasema lolote nataka haya: umri, alizaliwa kwa muda au kabla, ni upande upi, na akiwa amelala shingo yake inapenda kuangalia wapi. Je, anaweza kugeuka upande wa pili bila kulia? Unamlisha kwa mkono gani? Na kuna aliyemshika kichwa kwa mikono yake, au ni mashine ya picha tu?

Boda_wa_Kondele (Kisumu), Jumatatu saa 4:20 usiku

Laki mbili na arobaini kwa helmeti? Yangu nilinunua elfu mbili na inanifaa mimi na abiria 😂

Shosho_Molo, Jumanne saa 11:50 alfajiri

Nimelea saba na wajukuu siwahesabu. Hawa watoto wa siku hizi vichwa vinabapa kwa sababu mnawalaza chali usiku kucha kama maiti, na mchana mnawaweka kwa kile kiti cha plastiki cha gari, wanatolewa humo wanawekwa kwa kigari, wanatolewa humo wanawekwa kwa bembea ya betri. Mtoto anashikwa saa ngapi? Sisi tuliwafunga mgongoni na leso, tukaenda kuchimba viazi. Mlaze kifudifudi, atapona.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 1:10 asubuhi

Shosho, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu leso na kuhusu kiti cha gari. Nakataa moja tu: kumlaza kifudifudi usiku, hapana. Watoto walikuwa wakifa usingizini bila sababu kuonekana. Marekani madaktari wa watoto walianza kushauri mwaka 1992 kwamba wasilazwe kifudifudi, kampeni kubwa ikafuata 1994, na vifo hivyo vikapungua kwa karibu nusu. Hivi visogo bapa vikaongezeka baada ya hapo, ni kweli. Lakini kisogo bapa hakiui.

Kifudifudi ni mchana, akiwa macho na wewe uko hapo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa, kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Dakika tatu hapa, tano pale, kifuani pako ukiwa umejilaza pia ni kifudifudi.

Shosho_Molo, Jumanne saa 1:25 asubuhi

Marahaba. Hao saba wangu walilala kifudifudi na wako hai.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 1:31 asubuhi

Wale ambao hawako hai hawana nyanya wa kuwaandikia hapa. Samahani, Shosho, sikusudii ubaya.

Nyar_Kano (Kisumu), Jumanne saa 2:40 asubuhi

Mwanangu ameivaa hiyo helmeti, kwa hivyo niacheni niseme kidogo.

Ilikuwa Januari. Nyinyi wa Nakuru hamjui Januari ya Kisumu, saa nne asubuhi mabati yanalia juu. Mtoto alikuwa na miezi saba. Tuliambiwa avae saa 23 kwa siku, hiyo moja iliyobaki ni ya kuoga na kuisafisha. Siku ya tatu ndani kukaanza kunuka maziwa yaliyochacha, maana jasho linaingia kwenye sponji na haliendi popote. Jioni unapangusa na spiriti, unaianika dirishani hiyo saa moja, unamvalisha. Asubuhi harufu imerudi, sasa ni ya maziwa na spiriti pamoja. Akinilalia begani ananigonga nayo kwenye mtulinga. Nilikaa na alama ya kijani hapo wiki nzima, mume wangu akaulizwa kazini kama ananipiga.

Kila wiki mbili lazima twende Nairobi ikachongwe ndani. Basi la usiku, tunafika alfajiri, tunakaa kwenye benchi mpaka ofisi ifunguliwe saa tatu, wanaikwangua dakika kumi, tunarudi. Hiyo nauli hakuna aliyenitajia siku ya kulipa. Na ndani ya matatu kila mtu ni mchekeshaji, "Mathe, huyu ameshapata leseni?" Boda_wa_Kondele, huenda ulikuwa wewe.

Wiki ya sita nikaivua nikaona doa jekundu juu ya sikio la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Tulikuwa tumeambiwa wekundu ukiisha ndani ya saa moja si neno. Huu haukuisha. Ilikuwa Alhamisi. Nikapiga simu, wakasema nije Jumatatu. Nikaendelea kumvalisha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu niliogopa kuharibu pesa. Jumamosi ngozi ikachubuka, ikatoa maji. Nikaivua, na haikurudi kichwani tena. Jumatatu wakaniambia kosa ni langu, nilikosa zamu moja ya kuja na mtoto alikuwa amekua. Kweli nilikosa, tulikuwa na matanga. Pesa haikurudi.

Sasa ana miaka mitatu. Ukimpapasa gizani utaujua ule upande. Mchana hakuna anayeuona, nywele zimefunika. Kama zile wiki sita zilisaidia au ni kukua tu, sijui, na sitajua.

Mama_Shibuye (Kakamega), Jumanne saa 3:05 asubuhi

Pole sana Nyar_Kano. Kwetu kukhu, yaani nyanya, angemkanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu na mafuta kila jioni, kichwa kinaumbwa kama udongo wa chungu. Ndugu yangu alifanyiwa.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 3:20 asubuhi

Kumpapasa na mafuta ni mapenzi, haidhuru. Kumkandamiza fuvu ndiyo sitaki, na utosi usiguswe kwa nguvu kabisa. Ndugu yako huenda angejipanga hata bila kitambaa, watoto wengi wanaanza kupona wakishajua kukaa, maana kisogo kimeacha kulaliwa.

BabaWatatu, Jumanne saa 4:00 asubuhi

Sasa mniruhusu nami, kwa sababu naona helmeti inahukumiwa kwa kesi moja. Wa pili wangu alizaliwa tukiwa Dallas. Alianza na miezi mitano, akamaliza na minane. Kila wiki mbili tunapimwa, fundi yuko dakika kumi na tano kutoka nyumbani, bima ililipa sehemu. Kichwa kikatoka safi. Nyar_Kano alianza kwa kuchelewa, mbali na fundi, kwenye joto. Hiyo si hatia ya helmeti.

Watu pia hawaelewi inavyofanya kazi. Haifinyi. Inagusa pale palipotokeza tu, na pale palipobonyea inaacha nafasi. Ubongo ukikua unasukuma fuvu kwenda kwenye nafasi. Sasa kumbukeni kile kitabu cha kliniki: mtoto wa kiume anazaliwa na mzingo wa sentimita 34 au 35, miezi sita amefika 43 hivi, mwaka mzima ni 46. Yaani sehemu kubwa ya safari imeisha kabla ya miezi sita. Ukingoja ujionee, nafasi ya kusukuma imeisha.

Kwa hesabu hiyohiyo, helmeti ya Leicester ni takataka. Ilichongwa kwa kichwa cha mtoto mwingine, na nafasi iko mahali pengine. Na MamaNaka, hiyo Ijumaa yao si ujanja wote: picha ya kichwa inachacha. Wakikaa nayo mwezi, kichwa si kile tena.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 4:45 asubuhi

Umeeleza vizuri, na kuhusu Leicester tuko pamoja. Lakini tuseme na upande wa pili. Waholanzi walifanya utafiti, ukachapishwa 2014: watoto 84 wa miezi mitano hadi sita, wenye ubapa wa wastani mpaka mkubwa. Nusu wakavishwa helmeti kwa miezi sita, nusu wakaachwa wakue. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa ni asilimia 26 ya wenye helmeti na asilimia 23 ya wasio nayo. Na wazazi wote wa upande wa helmeti walitaja angalau tatizo moja: ngozi, jasho, harufu, mtoto kulia. Nyar_Kano angejaza fomu yao vizuri sana.

BabaWatatu, Jumanne saa 4:52 asubuhi

Huo utafiti kila mtu anautaja. Helmeti nyingi humo hazikukaa sawasawa, na wale wenye ubapa wa kupindukia hawakuingizwa. Ukivaa kiatu kisichokutosha utasema viatu havifai? Wapasuaji wa ubongo wa Marekani walitoa mwongozo wao 2016 wakasema kwa ubapa wa wastani mpaka mkubwa ambao umekataa njia za kawaida, helmeti inafaa.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 4:58 asubuhi

"Ambao umekataa njia za kawaida." Asante kwa kunisaidia. Njia za kawaida zimejaribiwa lini hapa? Mwenye uzi hata umri hajatuambia.

Boda_wa_Kondele, Jumanne saa 5:10 asubuhi

Lakini kwani kichwa lazima kiwe mviringo? Nilisoma Wamangbetu huko Kongo walikuwa wakiwafunga watoto vichwa kwa kamba virefuke kwa nyuma, ndiyo urembo wenyewe. Wangemwona huyu mtoto wa Naka wangesema mmepoteza nafasi.

Mama_Shibuye, Jumanne saa 5:14 asubuhi

Na picha zao ni nzuri kweli, zile nywele zimesukwa zikapanuka juu kama taji.

BabaWatatu, Jumanne saa 5:30 asubuhi

Kijana, ongea hivyo mpaka uwe na binti anayetaka kusuka.

MamaNaka, Jumanne saa 3:15 usiku

Jameni samahani, nilikuwa kazini. Nimesoma yote. Nyar_Kano, pole dada yangu, umenitoa machozi.

Majibu: ana miezi minne na nusu. Ni upande wa kulia. Anapenda kuangalia kulia kila wakati, nilidhani ni kwa sababu televisheni iko huko. Nimejaribu leo kumgeuza kushoto, anafika nusu kisha anapiga kelele. Kitanda chake kimeegemea ukuta upande wa kushoto, kwa hivyo sisi wote tunamjia kutoka kulia. Namlisha chupa kwa mkono uleule siku zote. Mchana anakaa na dada wa kazi, na nimemuuliza leo anamlaza saa ngapi, akasema "anapenda kwa kiti, mama, halii." Simlaumu.

Nilisahau: alizaliwa wiki ya 35. Na pesa yenyewe ni ya chama, zamu yangu. Mume hajajua bei kamili.

Shosho_Molo, Jumanne saa 3:22 usiku

Mume hajajua bei!

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 3:50 usiku

Sasa tumeanza kuongea. Ukitoa hizo wiki tano alizowahi, mwili wake ni wa mtoto wa miezi mitatu na nusu hivi. Una nafasi. Na hiyo shingo inayofika nusu ndiyo naitilia shaka kuliko kichwa. Msuli wa upande mmoja wa shingo ukikakamaa, mtoto analalia palepale kila usiku, na hata ukimvisha helmeti ya dhahabu shingo itabaki imekaza. Nashangaa mtu amempiga picha kichwa asimgeuze shingo.

Fanya hivi leo. Mkalishe kwenye beseni, nywele zikiwa na maji, mtu amshike, wewe piga picha kutoka juu kabisa, pua ikiangalia mbele. Tazama masikio. Sikio la upande uliobonyea likiwa limesogea mbele, na paji la upande huohuo limetokeza kidogo, hiyo kwa kawaida ni ya kulalia. Sikio likiwa limevutwa nyuma, au ukipapasa unasikia tuta gumu kama kamba kwenye maungio ya fuvu, au utosi umeziba mapema, acha mambo ya helmeti na fiziotherapia, aonwe na daktari haraka. Hiyo ni mifupa iliyoungana kabla ya wakati, ni nadra, na dawa yake mara nyingi ni upasuaji. Hospitali ya Kijabe wanapasua vichwa vya watoto, na sisi wa huku magharibi wengine huvuka mpaka kwenda hospitali ya CURE pale Mbale, Uganda.

MamaNaka, Jumanne saa 4:35 usiku

Nimepiga picha. Amekojoa kwenye beseni lakini nimepata moja nzuri. Sikio la kulia liko mbele, kama nusu ya kucha ya kidole changu hivi. Paji la kulia limejaa kidogo. Tuta sijasikia, utosi upo laini.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 4:41 usiku

Inaonekana ni ya kulalia, lakini picha yako na maneno yangu si daktari. Nenda pale Level Five, hospitali kuu ya Nakuru, uliza fiziotherapia ya watoto, waambie shingo kwanza. Geuza kitanda, kichwa kiwe kule miguu ilikokuwa, akitaka kuwaona itabidi aangalie kushoto. Badilisha mkono wa chupa. Kiti cha gari kibaki ndani ya gari.

Mama_Shibuye, Jumanne saa 4:50 usiku

Na ule mto? Mimi pia nilikuwa nautaka.

Viungo_na_Misuli, Jumanne saa 4:55 usiku

Mto usinunue. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo Novemba 2022 kuhusu hiyo mito ya kuunda kichwa. Mtoto anaweza kukosa hewa. Kitandani ni godoro gumu na shuka, basi.

BabaWatatu, Jumatano saa 1:05 asubuhi

MamaNaka, sikatai shingo ishughulikiwe kwanza, hilo hata Dallas walitufanyia. Lakini weka tarehe. Wiki sita, pima tena kwa mtu yuleyule. Kama haijasogea, atakuwa na miezi sita na helmeti bado ina kazi. Watu wanaambiwa wangoje, wanangoja mpaka mtoto anatembea. Na kama utalipa, uliza kwanza kwa maandishi: kuchonga upya ni mara ngapi, kunalipiwa, na ngozi ikichubuka Alhamisi nani anapokea simu.

Nyar_Kano, Jumatano saa 1:20 asubuhi

Hapo umesema.

Otis_wa_Nyalenda (Kisumu), Jumatano saa 2:00 asubuhi

Na SHA, hii bima ya afya ya serikali, inasemaje kuhusu hii kitu?

BabaWatatu, Jumatano saa 2:04 asubuhi

Uliza ofisini kwao kabla ya kutoa shilingi, usiulize mitandaoni.

Shosho_Molo, Jumatano saa 2:30 asubuhi

Huyo dada wa kazi mnunulie leso. Mbili. Afundishwe kufunga, wasichana wa siku hizi hawajui, wanafunga fundo la mbele likalegea.

Mama_Shibuye, Jumatano saa 2:41 asubuhi

Shosho, tuandikie jinsi ya kufunga. Mimi mtoto wangu hutelezea upande mpaka namkuta kwapani.

Shosho_Molo, Jumatano saa 2:59 asubuhi

Inama mpaka mgongo uwe meza. Mtoto juu, miguu imekumbatia kiuno chako. Leso ipite chini ya makalio yake kwanza, ndiyo kiti. Ncha moja juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, zikutane kifuani, uzisokote, usifunge tu. Uzisokote. Ukisimama, mrushe kidogo akae. Shingo yake ikiwa bado haijakaza, leso ifike mpaka masikioni.

MamaNaka, Alhamisi saa 2:10 usiku

Nimepata nafasi ya fiziotherapia Jumanne ijayo. Kitanda nimekigeuza, jana usiku amelia, leo ameangalia kushoto mara mbili kwa sababu ya pazia. Nimewapigia wale wa Nairobi kuomba wanisubiri wiki mbili, wamesema watapiga picha upya na kuna malipo. Mume sasa anajua bei. Tuko kimya nyumbani. Sijaamua kuhusu kesho.

Otis_wa_Nyalenda, Alhamisi saa 2:45 usiku

Nyar_Kano, samahani dada, hiyo helmeti yako ulitupa? Nina shemeji ana mtoto wa miezi sita, hali ni hiyohiyo.

BabaWatatu, Alhamisi saa 2:47 usiku

Otis. Umesoma hata neno moja hapa?

Nyar_Kano, Alhamisi saa 3:30 usiku

Ipo jikoni. Naweka vitunguu ndani.